Dakika nane kwa wiki mbele ya kompyuta

Kila mwaka Baraza la Mitihani (NECTA) likishatangaza matokeo ya kidato cha nne, steshenari za Singida mjini hupata wateja wa aina moja. Ni vijana waliofaulu, wengine wametoka Ilongero, Ikungi na Mgungira kwa basi la alfajiri, wakiwa na namba ya mtihani iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Wanakuja "kujaziwa" Selform, mfumo wa TAMISEMI ambao mhitimu huutumia kubadili tahasusi au kozi ya chuo aliyoichagua akiwa bado shuleni.

Anayekaa mbele ya skrini ni mhudumu. Mwenye matokeo husimama nyuma yake na kuulizwa maswali: PCB au HGL? Chuo gani kwanza? Anajibu, mhudumu anabonyeza, hela inatolewa, mwingine anasogea. Kijana ameondoka bila kugusa kitufe hata kimoja katika uamuzi ambao utampeleka kwenye udaktari, ualimu au uhasibu. Mhudumu akikosea mstari mmoja, aliyetaka sayansi anaweza kujikuta kwenye orodha ya historia na jiografia.

Baada ya kidato cha sita atarudi palepale kwa ajili ya mkopo wa elimu ya juu (HESLB). Akimaliza chuo atarudi kwa ajili ya Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi serikalini. Na mara nyingi kijana huyo ametoka katika shule ambayo mlango mmoja umeandikwa "TEHAMA" kwa rangi ya mafuta.

Makala haya yanahusu kinachotokea nyuma ya mlango huo.

Hesabu ya kipindi

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), uliotokana na sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma nchini, na mgawo ambao walimu wengi wameuzoea ni kompyuta tano. Tuchukue mkondo mmoja wa kidato cha pili wenye wanafunzi 45, idadi ambayo shule nyingi za kata zingeifurahia. Kila kompyuta inapata wanafunzi tisa.

Kipindi ni dakika 40. Vikiunganishwa viwili vinakuwa dakika 80. Toa dakika kumi za kufungua mlango, kupanga viti na kusubiri mashine ziwake. Sabini zilizobaki zikigawanywa kwa tisa, kila mwanafunzi anapata dakika ambazo hazifiki nane. Hapo ni kama wote wanapokezana kwa haki, na mvulana mrefu wa mbele hajang'ang'ania kipanya hadi kengele inalia.

Mwaka wa masomo una siku 194, takriban wiki 39. Zidisha, utapata kama saa tano kwa mwaka. Kwa miaka minne ni saa 20. Anayejifunza kushona cherehani kwa fundi wa mtaani humaliza saa hizo ndani ya wiki moja.

> Mwanafunzi anapata saa tano kwa mwaka, na hapo ni pale kompyuta zote tano zinapowaka

Na kuwaka si jambo la kudhaniwa. Kuanzia Juni upepo wa Singida, huohuo ambao wawekezaji wa umeme wa upepo wamekuwa wakiupima kwa miaka, hubeba vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa alizeti na mtama. Fungua ubavu wa mashine iliyokaa msimu mmoja katika chumba chenye madirisha ya nondo na wavu: feni imevaa koti la vumbi la kahawia, matundu ya kupitishia hewa yamezibwa kabisa, na prosesa iliyo chini yake inapata joto hadi kompyuta inajizima yenyewe katikati ya kazi. Mwanafunzi aliyekuwa anaandika barua hupoteza barua. Mwalimu huandika kwenye daftari la vifaa: "mbovu".

Dawa ya ugonjwa huo ni brashi laini, bisibisi na nusu saa. Lakini shule haina fungu linaloitwa matengenezo ya kompyuta, na mkuu wa shule anaogopa kuruhusu mtu afungue mali ya serikali yenye namba. Mashine inahamia stoo. Wanafunzi tisa wanakuwa kumi na mmoja.

Kutoka marufuku hadi mtaala

Tanzania imekuwa na historia ya kusitasita na mashine hizi. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965. Matumizi yake yalileta hasara na vurugu ya hesabu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Katazo hilo lilianza kulegea miaka ya 1980 na kuondoka kabisa katika muongo uliofuata. Wakuu wengi wa shule wa leo walisoma sekondari katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye zuio hilo, na mtu akitaka kuelewa kwa nini funguo za chumba cha kompyuta zinakaa mfukoni mwa mkuu wa shule, aanzie hapo.

Muhtasari wa somo la Taarifa na Kompyuta kwa kidato cha kwanza hadi cha nne ulitolewa mwaka 2005. Mwaka huohuo ulianza mpango uliofadhiliwa na Sweden wa kupeleka TEHAMA katika vyuo vya ualimu 34 vya serikali. Singida ina chuo chake cha siku nyingi, Kinampanda, huko Iramba. Mwaka 2007 ikaja sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi na sekondari. Karatasi zilikuwepo.

Majengo yalifuata njia yake. Kampeni kubwa ya mwaka 2014, iliyowafanya wananchi wa kila kata wachangishane mawe, mchanga na fedha, ilidai maabara tatu kwa kila sekondari: fizikia, kemia na baiolojia. Kompyuta haikuwamo. Wazee wa Mkalama na Manyoni waliotoa kuku na mbuzi kwa ajili ya maabara zile walifanya walichoombwa, na hawakuombwa chumba cha nne.

Chumba hicho kimekuja baadaye kupitia SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola milioni 500 ulioidhinishwa mwaka 2020. Ramani ya shule mpya za kata chini ya mradi huo ina jengo la utawala, madarasa manane, maabara, maktaba na jengo la TEHAMA. Kisha mtaala ulioboreshwa ukaanza kutumika kwa awamu Januari 2024, somo likiitwa sasa Sayansi ya Kompyuta, na Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 Toleo la 2023 jijini Dodoma.

Hata miundombinu mikubwa ipo mlangoni. Njia ya umeme wa kilovoti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga, yenye urefu wa kilomita 670, ina kituo kikubwa Singida. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita hapahapa ukielekea Kanda ya Ziwa. Umeme na data za mikoa mingine vinapita mkoani. Kilichobaki ni safari fupi ya kutoka barabara kuu hadi kwenye dawati, na safari hiyo ndiyo imekuwa ndefu.

Mwalimu aliyefanywa karani

Muulize mwalimu yeyote wa kompyuta wa shule ya kata wiki yake ilivyokwenda, naye ataanza kukutajia mifumo. Fedha za shule zinaingizwa FFARS. Manunuzi, hata ya mabati na saruji, yanapita NeST, mfumo ulioanza kutumika mwaka 2023. Taarifa za wanafunzi na uhamisho zina mfumo wake, mitihani ina wake. Halmashauri ikitaka takwimu kabla ya saa nane mchana, mkuu wa shule hatamtafuta mwalimu wa Kiswahili.

Kwa hiyo mtu aliyeajiriwa kufundisha anakuwa karani, mhasibu msaidizi na fundi. Kompyuta yenye afya kuliko zote tano inahamia ofisini kwa sababu kazi za mifumo haziwezi kusubiri. Sioni mtu wa kumlaumu moja kwa moja: mkuu wa shule anayechelewesha taarifa anaandikiwa barua, na hakuna anayeandikiwa barua kwa sababu kidato cha tatu hawakugusa kibodi mwezi mzima. Mfumo umeweka adhabu upande mmoja tu, na watu wenye akili timamu wanaelekea kule ambako hawataadhibiwa.

Matokeo yake yanaonekana kwenye daftari la mwanafunzi. Kuna michoro ya kibodi iliyochorwa kwa rula, kila herufi mahali pake. Kuna orodha ya hatua za kuhifadhi faili, moja hadi sita, zilizokaririwa. Mtihani wa taifa una karatasi ya nadharia na ya vitendo, na mtoto aliyechora kibodi kwa miaka mitatu anaingia kwenye ile ya vitendo akitafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada.

Lugha nayo ina uzito wake. Aliyetoka shule ya msingi akifundishwa kwa Kiswahili anakutana kwa mara moja na mashine ngeni na maelezo ya Kiingereza juu yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilionyesha mwaka 2004, kwa programu ya ofisi iliyopewa jina Jambo OpenOffice, kwamba mashine inaweza kuzungumza na Mtanzania kwa lugha yake. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, programu ile haipo katika vyumba vya TEHAMA vya shule zetu, na hilo linaniuma zaidi kuliko uchache wa mashine.

Mzazi naye ana hoja

Kuna upande mwingine, na una haki ya kusikilizwa hadi mwisho. Mzazi wa kijiji ambacho binti yake anatembea saa nzima na zaidi kwenda shule anataka hosteli. Anataka chakula cha mchana. Anataka mwalimu wa hisabati na wa fizikia, masomo ambayo matokeo yake yamekuwa yakiwaumiza wazazi mwaka hadi mwaka. Diwani akisimama kwenye baraza na kuomba fedha za kompyuta wakati choo cha wasichana hakina maji, ataulizwa swali gumu na hatakuwa na jibu.

Hesabu za shule zenyewe ni finyu. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, serikali ilichukua jukumu la kufidia ada ya kutwa, Sh20,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye watoto 400 inapata kwa njia hiyo Sh8 milioni, chini ya laki saba kwa mwezi, na ruzuku ya uendeshaji juu yake. Hapo kuna mlinzi, maji, chaki, karatasi za mitihani na bili ya umeme. Bando la intaneti linasubiri mwisho wa foleni.

Kuna tarehe inayokuja ambayo itafanya ugomvi huu uwe mkali zaidi. Chini ya sera mpya elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea mikupuo miwili kwa mpigo. Madarasa yatatafutwa kila kona, na chumba chenye mashine tano mbovu kilichofungwa kwa kufuli ndicho kitakachoonekana kiko wazi. Shule ambayo chumba chake hakitumiki kwa sasa itakuwa na kazi ngumu kukitetea.

> Januari 2028, chumba kilichofungwa kwa kufuli ndicho kitakachoonekana kiko wazi

Majirani wametupa mafunzo ya pande zote mbili. Uganda, kuanzia mwaka 2012, iliamua kwamba kila mwanafunzi wa kidato cha tano na sita achukue ama hisabati ndogo ama TEHAMA kama somo la ziada; uamuzi huo uliifanya kompyuta iwe jambo la tahasusi nyingi, hadi za dini na fasihi. Kenya, kuanzia 2016, ilipeleka vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma, na sehemu yake ikaishia makabatini kwa kukosa umeme, chaji na walimu waliojiandaa. Tofauti ya mipango hiyo miwili ni kile kilichohesabiwa: wa Uganda ulianza na mwanafunzi kwenye ratiba, wa Kenya na kifaa kwenye boksi.

Simu iliyokatazwa getini

Wakati shule ikigawana dakika nane, kompyuta nyingine inamsubiri mwanafunzi nyumbani. Ni simu janja ya kaka, ya mama au ya kinyozi wa jirani. Kanuni za shule zinakataza mwanafunzi kuingia na simu, na anayekamatwa nayo huweza kusimamishwa masomo. Walimu wana sababu zao: wizi mabwenini, video za utupu, mahusiano na watu wazima, usiku usio na usingizi. Aliyewahi kulea bweni hatazibeza.

Lakini katazo linaishia getini, na hakuna somo linaloanza pale linapoishia. Binti wa kidato cha pili akirudi nyumbani likizo ndiye anayemsomea bibi ujumbe. "Ile pesa itume kwenye namba hii." Bibi ameuza mbuzi mnadani, kweli kuna mtu aliahidi kumtumia namba. Nani atamwambia asitume? Ni mjukuu, kama mjukuu amefundishwa kwamba ujumbe huo hutumwa kwa maelfu ya watu ili umnase yule mmoja anayengoja namba. Kwamba kuna namba 15040 ya kuripoti matapeli. Kwamba kwa *106# bibi anaweza kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Kumfundisha hayo huchukua kipindi kimoja na hakuhitaji kompyuta hata moja. Ni elimu ya vyombo vya kidijitali iliyo safi kabisa, na inalinda mbuzi halisi.

Upande wa pili una hatari kubwa zaidi. Kijana anayesambaza picha ya mwenzake au habari ya uongo kwenye kundi la WhatsApp hajui kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo. Kosa la kuchapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha au kudhalilisha lina faini isiyopungua Sh5 milioni, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Tumewapa watoto mitambo ya uchapishaji bila kuwafundisha kile ambacho mhariri wa gazeti anafundishwa wiki yake ya kwanza kazini: nani kasema, lini, picha imepigwa wapi, na nani ataumia ikichapishwa.

Hilo linafundishika kwa kifaa kimoja. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu wa shule za umma, na kila kimoja kina kamera. Mwalimu wa Singida mjini anaweza kupiga picha moja ya Ziwa Singida wakati wa kiangazi, upande mmoja maji na heroe, upande mwingine tope lililopasuka. Aikate mara mbili. Kundi la kwanza lipewe nusu ya maji, la pili nusu ya tope, kila kundi liandike habari ya mistari mitano. Zikisomwa kwa sauti, ziwa moja litakuwa limejaa na limekauka, na kila kundi litaapa kwamba limeona kwa macho. Ndipo picha nzima inaonyeshwa. Darasa likishaona hivyo, mjadala wa picha za kughushi na za akili unde una pa kuanzia.

Bila kusubiri kompyuta ya sita

Rudi kwa wale wanafunzi 45. Mkondo ukigawanywa makundi matatu ya wanafunzi 15, kila kompyuta inabaki na watatu, na dakika 70 zinakuwa zaidi ya 23 kwa kila mmoja. Saa tano kwa mwaka zinakuwa kama kumi na tano, kwa mashine zilezile. Gharama inamwangukia mwalimu: vipindi viwili vya mkondo vinakuwa sita, na shule yenye mikondo minne inamdai vipindi 24 kwa wiki. Huo ni mzigo unaobebeka kwa mwalimu mmoja, kwa sharti moja: aondolewe ukarani. Kazi za FFARS na NeST zipewe mtu mwingine, hata kama mtu huyo atahudumia shule tatu za kata zinazopakana.

Muda mwingine upo Jumamosi, na alasiri ambazo chumba kimefungwa. Kurasa za tovuti zinaandikwa kwenye programu ya daftari iliyomo katika kila kompyuta na kufunguliwa bila intaneti. Scratch, LibreOffice na Python huwekwa kwa flashi na kufanya kazi bila bando. Masomo ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ya Shule Direct ya Faraja Nyalandu iliyoanza mwaka 2013, yana faida pale mtandao unapofika. Usipofika, bado kuna kazi ya mwaka mzima ya kufanya.

Mashine za stoo nazo zina wa kuzitazama. Singida ina chuo cha VETA na kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, na wanafunzi wa vyuo huhitaji mahali pa kufanyia mazoezi ya vitendo. Halmashauri ikiandika makubaliano mafupi yanayomkinga mkuu wa shule pindi kifaa kinapofunguliwa, timu ya vijana watatu yenye brashi na bisibisi inaweza kuzunguka shule za wilaya nzima kabla ya vumbi la Juni, na nyingine baada yake.

Haya yote yanahitaji mstari mmoja kwenye bajeti, na mistari ya bajeti ina msimu wake. Mabaraza ya madiwani ya Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni, Itigi, Singida vijijini na Manispaa huketi mwanzoni mwa mwaka kupitisha makadirio kabla hayajapanda mkoani, kisha bungeni Aprili. Diwani anayetaka kuuliza swali la msingi katika kikao hicho asiulize kata yake ina kompyuta ngapi. Aombe mkuu wa shule alete ratiba ya chumba cha TEHAMA, yenye majina ya makundi na saa zao, na aombe ilinganishwe na daftari la mahudhurio la muhula uliopita.